Richmond, Mji Ulioshua Meli 747

Mapema mwaka 1941, ufuko wa kusini wa Richmond, California, ulikuwa tope tupu. Maji ya Ghuba ya San Francisco yalijaa na kupwa juu yake, na ardhi ya kusimamishia hata kibanda haikuwepo. Malori yakaanza kumwaga mawe na udongo mchana na usiku mpaka pakapatikana mahali pa kubeba chuma. Tarehe 14 Aprili ukalazwa mkuku wa kwanza. Tarehe 16 Agosti meli ya kwanza, Ocean Vanguard, ikashushwa majini. Wateja walikuwa Waingereza. Nyambizi za Kijerumani zilikuwa zikizizamisha meli zao za shehena katika Atlantiki upesi kuliko karakana za Uingereza zilivyoweza kujenga nyingine, kwa hiyo mwishoni mwa 1940 wakaagiza meli 60 kutoka Marekani: 30 zijengwe pwani ya mashariki, 30 hapa Richmond. Marekani yenyewe ilikuwa haijaingia vitani.

Hadi vita vinakwisha, karakana moja ilikuwa imezaa nne, na meli zilizotoka humo zilikuwa 747. Hakuna mahali pengine Marekani palipofikia idadi hiyo. Mwenye shughuli alikuwa Henry J. Kaiser, mkandarasi wa barabara na mabwawa ambaye kampuni zake zilikuwa zimeshiriki kujenga bwawa la Hoover na lile la Grand Coulee. Kazi ya meli hakuijua. Husimuliwa kwamba hata omo na tezi aliziita mbele na nyuma, na mafundi wa zamani wakamcheka. Pengine kutojua huko ndiko kulikomsaidia. Mtu aliyekulia katika karakana za meli angejenga kama alivyofundishwa: mkuku kwanza, kisha mbavu moja baada ya nyingine, kisha mabamba, na kila kitu kifanyike pale pale kwenye njia ya kushulia na fundi aliyetumikia miaka ya uanagenzi. Kaiser na msimamizi wake wa Richmond, Clay Bedford, waliitazama meli kama walivyolitazama bwawa, kazi kubwa inayoweza kukatwa vipande, kila kipande kikawa na mahali pake, watu wake na siku yake ya kwisha.

Meli yenyewe ilisaidia. Meli za aina ya Liberty, zilizotokana na mchoro wa Kiingereza, zilikuwa na urefu wa takriban mita 134, zikabeba shehena ya kama tani 10,000, na zikaenda kwa injini ya mvuke ambayo hata wakati ule ilikuwa ya kizamani. Hazikuwa na mbio wala uzuri. Zilitakiwa zivuke bahari na mzigo, na zijengwe kwa maelfu. Badala ya kuunganisha mabamba kwa ribiti, kazi inayotaka kundi la watu wenye nguvu na uzoefu, Richmond walichomelea. Na badala ya kujenga vyote juu ya mkuku, walijenga vipande vizima pembeni, chini na kwa usawa, vikiwa vimegeuzwa ili mchomeleaji ainame badala ya kuchomelea juu ya kichwa chake. Nyumba nzima ya juu ya sitaha ilitengenezwa katika jengo lake, ikasafirishwa kwa matela makubwa, kisha ikanyanyuliwa na kreni za kuzunguka, baadhi yake zikiwa zimeletwa kutoka Grand Coulee baada ya kazi ya bwawa kumalizika.

Hapo ndipo penye kiini cha historia ya karakana hizi, nami naona husahaulika kila mara hesabu ya meli inapotajwa kwa fahari. Ufundi ulipokatwa vipande vidogo, mlango ulifunguka. Kazi iliyotaka miaka minne ya uanagenzi ikawa kazi kumi, na kila moja mtu aliweza kujifunza kwa siku au wiki chache. Akaingia mama wa nyumbani, akaingia mkulima wa pamba kutoka Arkansas, mhudumu wa hoteli, mwanafunzi na mzee aliyekwisha kustaafu. Lakini kukatwa huko huko kukawa kisingizio. Aliyejifunza kipande kimoja aliambiwa si fundi kamili, na asiye fundi kamili angeweza kupewa kadi tofauti ya chama, cheo tofauti, na siku ya kuondoka iliyo karibu zaidi. Mlango uliofunguliwa na chuma ulikuwa na mlinzi wake.

Ushindani kati ya karakana za Kaiser ulikuwa mkali. Edgar, mwanawe Kaiser, alisimamia zile za Portland, Oregon, na Septemba 1942 watu wake walishua meli Joseph N. Teal siku 10 tu baada ya kulaza mkuku. Rais Franklin Roosevelt alikuwepo. Richmond hawakulala. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 8 Novemba, saa sita na dakika moja, Karakana namba 2 walilaza mkuku wa SS Robert E. Peary. Vipande vilikuwa vimekwisha kujengwa na kupangwa kando kwa utaratibu wa matumizi, vingine vina uzito wa zaidi ya tani 100, huku mabomba na nyaya vikiwa tayari ndani. Kreni zilivishusha kimoja baada ya kingine. Alhamisi tarehe 12, alasiri ya saa tisa na nusu hivi, meli ilikuwa ndani ya maji. Siku 4 na saa 15 na ushei. Ilikuwa tangazo, naam, na hakuna meli nyingine iliyojengwa kwa kasi hiyo. Ila tangazo lile lilitoa mafunzo ya kweli: vipande vikubwa vilivyojaribiwa kwa Peary vikawa utaratibu wa kawaida, na meli ya Liberty ambayo mwanzoni ilichukua miezi kama minane, sasa ilikamilika kwa wiki chache. Peary yenyewe ilihudumu vita vyote, ikaenda hadi Normandia, na haikuvunjwa kuwa chuma chakavu mpaka 1963.

Tumtazame mchomeleaji mmoja kwa karibu, kwa kuwa karakana ilisimama juu ya mabega yake. Anafika amevaa suruali ya dangirizi, koti la ngozi na glovu za ngozi zinazopanda hadi karibu na kiwiko, kwa sababu cheche hupenya pamba. Nywele zimefungwa kitambaa zisishike moto wala kunaswa na mashine. Anashuka kwa ngazi ndani ya sakafu mbili za chini ya meli, vyumba vyembamba ambamo mtu mzima hawezi kusimama, anajipenyeza kwenye tundu la kupitia, analala ubavu. Bomba la kuvuta moshi linanguruma karibu na kichwa. Anateremsha kinyago, na ulimwengu wote unakuwa giza isipokuwa tone moja la chuma kilichoyeyuka, ambalo inampasa alisukume kwa mkono usiotetemeka, taratibu, kwa mwendo uleule mpaka mwisho wa mshono. Akienda haraka, mshono unakuwa mwembamba. Akikawia, anatoboa bamba. Juu yake watu wa patasi za upepo wanapiga chuma, na sauti yake humwingia hadi kwenye meno. Saa nane za hayo, kisha zamu nyingine inaingia, kwa sababu karakana hazikuzimwa taa, iwe mchana, iwe usiku wa manane.

Mwaka 1944 zaidi ya robo ya wafanyakazi wa Richmond walikuwa wanawake, na kati ya wachomeleaji, takriban wawili katika kila watano. Chama cha watengeneza boila, ambacho mkataba wake ulitawala kazi nyingi za karakana, kilikuwa hakijawahi kumpokea mwanamke mpaka Septemba 1942, tena kwa shingo upande. Walipopokelewa wakalipwa kiwango cha chama. Fundi kamili alipata dola 1.20 kwa saa. Kwa mwanamke aliyezoea kupiga pasi au kupakua chakula hotelini, hizo zilikuwa fedha za kubadili maisha. Rosie, yule mwanamke wa bango mwenye ribiti na misuli, aliwafanya maarufu duniani kote, ingawa Richmond wengi wao hawakuwahi kugusa ribiti. Walikuwa watu wa moto wa umeme.

Tena walitupiwa lawama isiyo yao. Januari 1943, meli ya mafuta Schenectady, iliyojengwa katika karakana ya Kaiser kule Portland, ilikatika vipande viwili ikiwa imetulia gatini. Meli nyingine za kuchomelewa zilipata nyufa baharini, hasa kwenye maji ya baridi ya kaskazini. Vidole vikaelekezwa upesi kwa wachomeleaji wapya, wanawake na washamba waliopewa mafunzo ya siku chache. Kweli mishono mibovu ilikuwepo. Lakini huko Cambridge, mtaalamu wa vyuma Constance Tipper alionyesha kwamba kisa kikubwa kilikuwa chuma chenyewe: kikipoa chini ya kiwango fulani cha joto hupoteza uvumilivu na kuvunjika kama kioo. Kwenye meli ya ribiti ufa ulikoma ukingoni mwa bamba. Kwenye meli iliyochomelewa kuwa kitu kimoja, ufa uliendelea. Pembe kali za milango ya ngama ziliupa ufa mahali pa kuanzia. Pembe zikaviringwa, mabamba ya kuzuia ufa yakaongezwa, na nyufa zikapungua. Natamani kila anayezisimulia meli zilizokatika ataje na jina la Tipper.

Mji nao ulikatika kwenye mishono yake. Sensa ya 1940 ilihesabu watu 23,642 Richmond. Miaka mitatu baadaye walipita 100,000. Watu walilala ndani ya magari, katika mahema, katika mabanda ya kuku yaliyosafishwa, katika nyumba za magurudumu. Kitanda kimoja kilikodishwa kwa watu watatu, kila zamu na mtu wake, na shuka haikupata muda wa kupoa. Sinema zilifunguliwa saa zote 24, na watu wengine waliingia humo kutafuta usingizi. Shule zilifundisha kwa zamu kama karakana. Kutoka upande wa Oakland ilijengwa reli ya kwenda karakanani, ikaanza kazi Januari 1943 kwa mabehewa makuukuu yaliyotolewa New York, ambako yalikuwa yakipita juu ya barabara tangu enzi za mababu. Serikali ilijenga maelfu ya nyumba za mbao za haraka kando ya viwanja, nyingi zikiwa na kuta nyembamba kiasi kwamba mtu wa zamu ya usiku hakupata usingizi wa mchana kwa kelele za watoto wa jirani.

Ndani ya nyumba hizo maisha yalikwenda kwa kuponi. Sukari iliwekwa kwenye mgao Mei 1942, kahawa Novemba, viatu Februari 1943, nyama Machi. Mshahara ulikuwa mkubwa na kitu cha kununulia hakipo, kwa hiyo fedha ikakatwa kwa hati za dhamana za vita, na mahali penye kipande cha ardhi pakapandwa kabichi na maharage. Mafuta ya kukaangia yalichujwa yakapelekwa kwa muuza nyama, kwani yalitoa glisarini ya baruti. Gazeti la karakana, Fore 'n' Aft, lilichapisha picha za washindi wa kuchomelea pamoja na mashauri ya kubana matumizi. Mpiga picha Dorothea Lange alizunguka Richmond na kamera yake, na mwaka 1944 yeye na Ansel Adams walipiga picha za saa 24 za maisha ya mji kwa ajili ya jarida la Fortune. Ukizitazama nyuso za watu kwenye ngazi wakati zamu zinabadilishana, utaona uchovu kwanza. Fahari haikawii kufuata.

Wapo ambao hawakuwa kwenye ngazi hizo. Richmond na miji jirani ilikuwa na wakulima wa maua wenye asili ya Kijapani, familia zilizokuza waridi na mikarafuu ndani ya nyumba za vioo kwa miaka mingi. Kwa amri ya rais ya Februari 1942, waliondolewa. Walilazwa kwanza katika mazizi ya farasi ya uwanja wa mbio wa Tanforan, kisha wakapelekwa jangwani Topaz, Utah, nyuma ya seng'enge. Wengi walikuwa raia waliozaliwa Marekani. Mwaka uleule ambao karakana zilitangaza kwamba zinahitaji kila mkono, mikono hiyo ilifungiwa jangwani.

Kutoka kwenye orodha ya meli 747, kuna moja inayounganisha Richmond na mji mwingine mdogo, mbali na bahari yoyote. Red Oak, Iowa, ulikuwa na watu wasiofika 6,000. Vijana wake walikuwa wamejiunga na jeshi la akiba la jimbo, Kombania M ya kikosi cha 168 cha askari wa miguu, kabla hata nchi haijaingia vitani. Februari 1943 kombania hiyo ilikuwa Tunisia, kwenye vilima vya Faïd na Sidi Bou Zid, vifaru vya Kijerumani vilipovunja mstari na kuwazingira. Machi zikaanza kufika telegramu Red Oak, moja, nyingine, nyingine tena, usiku hadi usiku, zote zikisema mwana au mume hajulikani alipo. Mtaa mmoja ulipokea kadhaa. Jirani aliyetoka kumliwaza mwenzake alirudi nyumbani akakuta yake mlangoni. Baadaye ilijulikana kwamba wengi walitekwa na wakapelekwa kambi za Ujerumani, ila mji ulikuwa umekwisha kulia. Aina mpya ya meli, Victory, yenye mbio kuliko Liberty, ilikuwa ikipewa majina ya miji, na tarehe 9 Novemba 1944 Karakana namba 1 ya Richmond ilishua Red Oak Victory. Ilibeba risasi na mabomu katika Pasifiki, ikahudumu tena wakati wa vita vya Korea na vya Vietnam. Sasa imerudi Richmond, ni makumbusho inayoelea, na wazee wa kujitolea waliipaka rangi na kuziamsha mashine zake kwa miaka mingi.

Nirudi kwa mlinzi wa mlango. Mwaka 1940 Weusi wa Richmond walikuwa 270. Mwaka 1950 walizidi 13,000. Walikuja kwa treni na kwa magari kutoka Louisiana, Texas na Arkansas, wakiukimbia ubaguzi wa kusini na ujira wa shamba, na amri ya Rais Roosevelt ya Juni 1941, aliyoitoa baada ya kiongozi wa wafanyakazi Weusi, A. Philip Randolph, kutishia kuongoza maandamano makubwa Washington, ilikataza ubaguzi katika viwanda vya ulinzi. Kwa maandishi, mlango ulikuwa wazi. Kwa vitendo, chama cha watengeneza boila kiliwaundia Weusi tawi la pembeni lililoitwa A-36. Walilipa ada sawa na Wazungu. Hawakuwa na kura katika tawi kuu, hawakuwakilishwa kwenye mikutano, bima yao ilikuwa ndogo zaidi. Asiyekubali kulipa alifukuzwa kazi. Yaani mtu alitakiwa anunue ubaguzi wake kwa fedha yake, kila mwezi.

Katika ofisi ya A-36 alikaa karani mmoja wa umri wa miaka ishirini na kidogo, Betty Reid, msichana wa Oakland mwenye wazazi waliotoka New Orleans. Kazi yake ilikuwa kupanga kadi za wanachama waliohama makazi, na katika mji ambao kila mtu alikuwa akihamahama, kadi hazikuisha. Alisema baadaye kwamba hakuwahi kuona meli ikijengwa wala kushuhudia moja ikishuliwa. Hakuwa na hakika hata adui ni nani, kwa jinsi ubaguzi ulivyokuwa mlangoni pake.

Wengine walikwenda mahakamani. Joseph James, mwimbaji aliyegeuka mchomeleaji katika karakana ya Marinship, Sausalito, ng'ambo ya ghuba, aliongoza wenzake kukataa tawi la pembeni. Thurgood Marshall alikuwa miongoni mwa mawakili waliowatetea. Mwishoni mwa 1944 Mahakama Kuu ya California iliamua kwamba chama kinachodhibiti ajira hakiwezi kumlazimisha mtu awe mwanachama na papo hapo kimnyime haki za uanachama. Ulikuwa ushindi mkubwa wa kisheria. Kwa wafanyakazi wengi, ulikuja miezi michache tu kabla ya kazi yenyewe kwisha. Siku za furaha zilikuwepo pia, na zisifutwe: tarehe 7 Mei 1943 mwimbaji Lena Horne alivunja chupa kwenye omo ya SS George Washington Carver, meli iliyopewa jina la mwanasayansi Mweusi.

Usiku wa tarehe 17 Julai 1944 mlipuko ulisikika kwenye miji yote ya ghuba. Bandarini Port Chicago, mabaharia Weusi walikuwa wakipakia mabomu, bila mafunzo ya maana, chini ya maofisa Wazungu. Meli E. A. Bryan, iliyojengwa Richmond mwaka uleule, ilitoweka. Walikufa watu 320, karibu thuluthi mbili Weusi. Waliobaki walipoamriwa kupakia tena, wengi walikataa, na 50 wakahukumiwa kwa uasi. Jeshi la majini liliwafutia hatia tarehe 17 Julai 2024, miaka 80 kamili baadaye. Hakuna hata mmoja wa hao 50 aliyekuwa hai.

Kuna kitu kimoja cha karakana ambacho kilikataa kutengwa, nacho ndicho kilichodumu kuliko vyote. Daktari Sidney Garfield alikuwa amewatibu wafanyakazi wa mfereji wa maji jangwani California tangu 1933, akagundua kwamba mtu akilipa senti chache mapema kila siku, hospitali husimama na daktari hupata faida kwa kumzuia mtu asiumie. Kaiser alimwita Richmond, na serikali ikamwachilia kutoka jeshini. Tarehe 10 Agosti 1942 hospitali ya karakana ilifunguliwa kwa vitanda 10, na mwezi huohuo ikafunguliwa kubwa zaidi Oakland. Mfanyakazi alilipa senti 50 kwa wiki. Waliofika wengi hawakuwa wamewahi kuonana na daktari maishani, na wenye afya nzuri walikuwa wamechukuliwa na jeshi. Nimonia ilikuwa ikiwamaliza, na kijana Morris Collen aliwatibu wengi kiasi kwamba baada ya vita aliandika kitabu kizima cha tiba yake. Mweusi na Mzungu walilala wodi moja, jambo ambalo chama chao cha wafanyakazi hakikuliweza. Julai 1945, meli zikiwa bado zinashuliwa, mpango huo ulifunguliwa kwa umma. Leo unaitwa Kaiser Permanente, na wanachama wake wamepita milioni 12. Hospitali ya mwanzo ilitibu watu wa Richmond hadi 1995.

Watoto wa wachomeleaji walihitaji mahali pa kukaa. Kulikuwa na watu waliosema mwanamke mwenye mtoto mdogo abaki nyumbani, na kulikuwa na meli za kujenga. Meli zikashinda. Mama Eleanor Roosevelt alisukuma mwenyewe karakana za Kaiser ziwe na vituo vya watoto, na Richmond, mwaka 1943, kilifunguliwa kituo cha Maritime chenye walimu waliosomea kazi hiyo, wataalamu wa lishe, vitanda vya usingizi na vyoo vya kimo cha mtoto. Wanawake walipofikia 24,500 kwenye orodha ya mishahara, vituo vya mji mzima vilipokea watoto kama 1,400 kwa siku. Ni wachache, mtu anaweza kusema, na ni kweli, maana wengi waliachiwa bibi au jirani. Hata hivyo, serikali kuu ilipokata fedha baada ya vita, akina mama wa California walipiga kelele mpaka jimbo likaendelea kuvigharimia vituo, na jengo la Maritime liliendelea kulea watoto kwa miongo kadhaa.

Agizo la meli lilipokwisha, kazi ilikwisha. Mwaka 1946 karakana zilifungwa. Wanawake wakaambiwa warudi nyumbani, Weusi hawakuambiwa warudi wapi. Nyumba za mbao zilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Weusi waliotolewa humo hawakuruhusiwa kununua kwingine. Mtaa wa Rollingwood ulikuwa umejengwa wakati wa vita kwa dhamana ya serikali, kwa Wazungu tu. Mwaka 1952 mfanyakazi wa zamani wa karakana, Mweusi aliyewahi pia kuwa baharia wa jeshi, alinunua nyumba huko na kuhamia na familia yake. Watu kama 300 walikusanyika nje, wakarusha matofali dirishani, wakachoma msalaba uani. Polisi walitazama. Waliokuja kulinda nyumba usiku na mchana walikuwa majirani wachache na watu wa vyama vya haki, mpaka umati ukachoka.

Mwaka 2000 bunge la Marekani lilianzisha hifadhi ya taifa Richmond kwa kumbukumbu ya Rosie na mchango wa raia wakati wa vita. Kabla yake kidogo ilizinduliwa sanamu ya ukumbusho ufukweni, njia ya kutembea yenye urefu wa meli ya Liberty. Katika mikutano ya kupanga hifadhi, maofisa walitaja majengo ya kuhifadhiwa: karakana, nyumba, kiwanda cha Ford kilichotengeneza jipi 49,000 za jeshi. Mwakilishi wa mbunge wa jimbo alikuwa ukumbini, mwanamke Mweusi wa umri wa miaka themanini hivi. Betty Reid, yule karani wa A-36, aliyeitwa sasa Soskin kwa jina la ndoa ya baadaye, aliyatambua majengo hayo mara moja kuwa ya ubaguzi. Watu wa aina yake wasingeruhusiwa kuishi Atchison Village, mtaa uliosifiwa kwenye mpango. Akasema. Hifadhi ikamsikiliza, kisha ikamwajiri. Alivaa sare akiwa na miaka 85, na alistaafu tarehe 31 Machi 2022 akiwa na 100. Kwa zaidi ya miaka kumi wageni walijaa kwenye ukumbi mdogo wa kituo cha hifadhi, kando ya kiwanda cha Ford, kutaka kusikia habari za Rosie, na alianza kwa kuwaeleza habari za A-36, za ada zake, na za kadi alizokuwa akipanga.